Upasuaji wa saratani wa siku moja: Nani humwangalia mgonjwa akifika nyumbani?

MJADALA kuhusu saratani nchini Kenya kwa miaka mingi umehusu mitambo na pesa: ni hospitali ngapi zina mashine za miale, foleni ina urefu gani, na ni nani awezaye kumudu nauli ya kwenda India kutafuta tiba. Mjadala huo ulishika kasi mno Julai 2019, taifa lilipowapoteza katika mwezi mmoja aliyekuwa Afisa Mkuu Mtendaji wa Safaricom Bob Collymore, Mbunge wa Kibra Ken Okoth na Gavana wa Bomet Joyce Laboso, wote kutokana na maradhi hayo.

Hata hivyo, ipo sehemu moja ya tiba ambayo haitajwi sana majukwaani wala bungeni. Nayo ni yale majuma machache baada ya mgonjwa kufanyiwa upasuaji, kuvishwa bendeji na kuambiwa aende zake nyumbani.

Kulingana na makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2022, zaidi ya Wakenya 44,000 hupatikana na saratani kila mwaka na zaidi ya 29,000 hufariki. Saratani ya matiti na ile ya mlango wa uzazi ndizo zinazoongoza. Upasuaji ni nguzo muhimu ya kutibu uvimbe ambao haujaenea, na si upasuaji wote unaomlazimu mgonjwa kulala wadini. Kutolewa kwa uvimbe mdogo wa titi, kukatwa kwa sehemu iliyoathirika ya mlango wa uzazi, kuondolewa kwa saratani ya ngozi au ya utando wa jicho, na hata upasuaji wa korodani unaonuiwa kupunguza homoni zinazochochea saratani ya tezi dume, ni mambo ambayo mara nyingi huweza kukamilishwa asubuhi na mgonjwa akawa kwake kabla ya jua kutua. Uingereza na Marekani zimekwenda mbali zaidi: huko, wanawake wengi wanaoondolewa titi zima hurudi nyumbani siku iyo hiyo au baada ya kulala usiku mmoja tu.

Faida zake ni bayana. Kitanda kinachoachwa wazi humfaa mgonjwa mwingine anayengoja. Gharama ya malazi hupungua. Mgonjwa naye huepukana na vijidudu sugu vinavyopatikana hospitalini, hula chakula alichokizoea na hulala usingizi katika kitanda chake.

Lakini hesabu hiyo hukamilika tu iwapo nyumbani kuna mtu ajuaye la kufanya mambo yakienda mrama. Hospitali inapomruhusu mgonjwa siku ya kwanza, kazi iliyokuwa ya muuguzi haiishi, bali humwangukia mke, mume, binti au jirani ambaye hajawahi kuonyeshwa jinsi ya kubadilisha bendeji. Iwapo hajaandaliwa, gharama iliyookolewa hospitalini hulipwa na familia, tena pamoja na riba.

Hatari huja baadaye

Watu wengi huamini kwamba hatari kubwa ya upasuaji iko mezani, mgonjwa akiwa chini ya dawa ya usingizi. Takwimu za bara hili zinasema vingine.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet ulifuatilia zaidi ya wagonjwa 11,000 waliopasuliwa katika hospitali 247 za mataifa 25 ya Afrika. Ilibainika kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 5 alipata tatizo baada ya upasuaji, na maambukizi ndiyo yaliyoongoza. Wagonjwa hao walikuwa na uwezekano maradufu wa kufariki wakilinganishwa na wastani wa dunia, ingawa wengi wao walikuwa wa umri mdogo na wenye siha nzuri kuliko wenzao wa kwingineko. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni hili: zaidi ya vifo 90 kati ya kila 100 havikutokea siku ya upasuaji, vilitokea kuanzia kesho yake.

Utafiti huo uliwahusu waliolazwa hospitalini, mahali ambapo angalau muuguzi hupita na kipimajoto. Wengi wao walikuwa na maradhi mazito kuliko mtu anayetolewa uvimbe mdogo na kurudi nyumbani, kwa hivyo haifai kuzihamisha takwimu hizo moja kwa moja. Funzo lake, hata hivyo, linabaki pale pale: tatizo huanza kidogo kidogo baada ya upasuaji, na anayeligundua mapema ndiye aokoaye maisha.

Kwa mgonjwa wa saratani, kidonda kinachochelewa kupona kina madhara mengine yasiyoonekana mara moja. Baada ya upasuaji wa titi, mathalani, wagonjwa wengi huhitaji dawa za kemikali au miale, na tiba hizo huanza kidonda kikishapona. Usaha ukijaa chini ya mshono, ratiba yote husogezwa mbele, nazo chembe za saratani zilizosalia haziisubiri ratiba hiyo. Kadhalika, nyama iliyotolewa hupelekwa maabara ili kuthibitisha iwapo uvimbe umeondolewa wote. Mgonjwa asiyerudi kliniki kwa kukosa nauli au kwa kuvunjika moyo na maumivu huenda asipate kamwe jibu linaloamua hatima yake.

Siku kumi za kwanza

Ni mambo gani hasa humkabili mgonjwa nyumbani? La kwanza ni maumivu. Madaktari wa kisasa hupendekeza dawa za kawaida kama parasetamoli na ibuprofeni zinywewe kwa saa maalumu katika siku za mwanzo, kwa wale ambao tumbo na figo zao zinaziruhusu, badala ya kungoja maumivu yapande ndipo yakimbizwe. Asiyeumia sana hutembea mapema, na atembeaye mapema hupunguza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu, hatari ambayo huwa kubwa zaidi kwa wenye saratani.

La pili ni kidonda na mrija. Mwanamke aliyeondolewa titi na tezi za kwapani aghalabu hurudi nyumbani akiwa na mrija unaotoa majimaji na kuyaingiza katika chupa au kifuko. Chupa hiyo hupaswa kumwagwa na kiasi cha majimaji kuandikwa kila siku. Madaktari wengi huutoa mrija kiasi hicho kinaposhuka hadi mililita 30 hivi au chini yake kwa saa 24. Asiyefundishwa kupima hana la kumwambia daktari, na mrija hutolewa mapema mno au hukaa hadi ukawa mlango wa vijidudu.

La tatu ni mkono wa upande uliopasuliwa. Wanawake wengi huufunga kifuani kwa hofu ya kuupasua mshono. Matokeo yake ni bega kukakamaa kiasi cha mgonjwa kushindwa kuuinua mkono anapohitajika kuulaza kwa ajili ya miale. Mazoezi mepesi ya kuufungua na kuufunga mgumi, kuukunja kiwiko na kuuinua mkono taratibu, huanza mapema kwa kufuata maagizo ya mtaalamu.

La nne ni dalili za hatari. Joto la mwili linalofika nyuzi 38 au kupita, wekundu unaotambaa kuzunguka mshono, usaha au harufu mbaya, damu inayolowesha bendeji, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika: hakuna hata moja kati ya hizo linalofaa kungojwa hadi siku ya kliniki. Hata hivyo, barua nyingi anazopewa mgonjwa anapoondoka huandikwa kwa Kiingereza cha kidaktari na kwa mwandiko ambao hata mwalimu wa shule hausomi kwa urahisi.

Mambo? Sawa. Shida.

Swali la jinsi ya kumwangalia mgonjwa akiwa mbali limejaribiwa kujibiwa katika mataifa tajiri. Jijini New York, kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering kilifungua mwaka 2016 jengo maalumu la upasuaji wa siku moja, Josie Robertson Surgery Center. Wagonjwa wake hutumiwa maswali mafupi kila siku kwa takriban siku kumi baada ya kwenda nyumbani: maumivu yakoje, je, unatapika, unapumua vizuri, kidonda kikoje? Majibu yanayoashiria hatari hufikia wauguzi, nao humpigia mgonjwa simu.

Kwamba kuuliza tu kunaweza kuokoa maisha si dhana tupu. Mwaka 2017, mtafiti Ethan Basch na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 766 wenye saratani iliyoenea waliokuwa wakipokea dawa za kemikali. Walioripoti dalili zao kwa kompyuta, na majibu yao kuwafikia wauguzi, waliishi wastani wa miezi 5 zaidi ya wale waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Wagonjwa hao hawakuwa wa upasuaji, lakini kanuni ni moja: dalili iliyosikika mapema hutibika kwa urahisi.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hayo ni ya Marekani, penye intaneti kila chumba. Ukweli ni kwamba Kenya ilitoa funzo kama hilo kabla ya wote hao, tena kwa simu za bei rahisi na kwa Kiswahili cha mtaani.

Kati ya mwaka 2007 na 2009, watafiti waliwafuatilia watu 538 waliokuwa wameanza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV katika kliniki za Nairobi na Kajiado. Nusu yao walitumiwa arafa kila wiki yenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" katika muda wa saa 48. Aliyejibu "Shida", na yule aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 katika Lancet yalionyesha kuwa asilimia 62 ya waliotumiwa arafa walitumia dawa zao ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wenzao. Waliojibu "Shida" walikuwa wachache mno, ishara kuwa kazi ya kuwapigia simu haikumlemea mhudumu.

Utafiti mwingine wa humu nchini unagusa upasuaji wa saratani wenyewe. Saratani ya utando wa jicho huwapata sana watu wa Afrika Mashariki kwa sababu ya jua kali na virusi vya HIV. Huondolewa kwa upasuaji mdogo, lakini ina tabia ya kurejea. Mwaka 2016, madaktari waliofanya utafiti katika vituo vya macho nchini Kenya waliripoti kwamba wagonjwa waliopewa dawa ya matone ya fluorourasili baada ya upasuaji, wakaitia mara 4 kwa siku kwa majuma 4, ni 5 tu kati ya 47 walioota uvimbe tena kabla ya mwaka kuisha. Miongoni mwa waliopewa matone yasiyo na dawa, uvimbe uliwarejea 17 kati ya 47. Kilichotenganisha makundi hayo mawili hakikuwa ustadi wa mpasuaji. Kilikuwa chupa ndogo ya dawa na mtu wa kuitia jichoni huko nyumbani.

Mintaarafu ya maambukizi, hospitali kutoka Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilishiriki mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuzuia vidonda vya upasuaji visioze. Mambo yaliyofanywa hayakuwa ya ajabu: kumwogesha mgonjwa kabla ya upasuaji, kuisafisha ngozi kwa dawa ifaayo, kutoa viuavijasumu kwa wakati wake na kutovirefusha bila sababu, na kuwafuatilia wagonjwa hadi siku 30. Kulingana na matokeo yaliyotolewa mwaka 2018, maambukizi yalishuka kutoka takriban wagonjwa 8 kati ya 100 hadi chini ya 4.

Nyenzo zipo

Kutokana na hayo, ni wazi kwamba Kenya haianzi mwanzo kabisa. Septemba 2023, serikali iliwazindua rasmi wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 na kuwapa mikoba yenye vipimajoto na mashine za kupimia shinikizo la damu, pamoja na simu za kuwekea rekodi. Huyo ni mtu anayeishi kijiji kimoja na mgonjwa. Anaweza kubisha hodi siku ya tatu na siku ya saba, akapima joto, akatazama mshono na kuuliza iwapo chupa ya mrija imemwagwa. Kinachokosekana ni habari. Hospitali ya rufaa inapomruhusu mgonjwa, mara nyingi hakuna anayemjulisha mhudumu wa kijiji kwamba mtu huyo anarudi akiwa na kidonda.

Upande wa pesa, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ilianza kwa kutenga hadi Sh550,000 kwa kila familia kwa mwaka kwa tiba ya saratani. Katika kiasi hicho, Sh400,000 zilitoka kwenye mfuko wa bima na Sh150,000 kwenye mfuko wa magonjwa sugu. Mjadala tangu hapo umekuwa ni iwapo fedha hizo zinatosha. Ni nadra kusikia mtu akiuliza zinalipia nini. Upasuaji una bei, dawa za kemikali zina bei, nayo miale ina bei. Simu ya muuguzi ya dakika tano kwa mgonjwa aliyeko Lodwar au Lamu haina bei katika orodha ya malipo, na katika mfumo wowote wa bima kisichokuwa na bei huwa hakifanyiki.

Mfuko wa Afya ya Msingi, kwa upande wake, umekusudiwa kulipia huduma za zahanati na vituo vya afya. Hapo ndipo bendeji ingebadilishwa na nyuzi kutolewa bila mgonjwa kupanda matatu mbili na basi moja kurejea Nairobi au Eldoret. Ili jambo hilo lifanyike, muuguzi wa zahanati anahitaji barua inayosomeka, nambari ya simu ya kumwulizia mpasuaji, na bendeji zenyewe kabatini.

Vizingiti

Si vyema, hata hivyo, kuidhania simu kuwa ni dawa ya kila kitu. Kuna mambo matatu yafaayo kutafakariwa kabla ya wizara au kaunti yoyote kutangaza mpango wa arafa kwa mbwembwe.

Kwanza, ujumbe usiokuwa na mtu wa kuujibu ni hatari kuliko kimya. Mgonjwa aliyeandika "Shida" saa nne za usiku na asijibiwe hadi Jumatatu amepewa matumaini ya uongo, na huenda angekwenda hospitalini mapema kama asingeambiwa angoje. Mafanikio ya Nairobi na Kajiado yalitokana na mhudumu aliyekuwa upande wa pili wa laini.

Pili, si kila mgonjwa anayemiliki simu, na si kila mwenye simu anayeiweka peke yake. Mwanamke ambaye hajawaeleza wakwe zake kwamba ameondolewa titi hatafurahia ujumbe unaotaja saratani kwenye simu inayoshikwa na nyumba nzima. Neno "Mambo?" lilifaa kwa sababu halikumfichua mtu. Hekima hiyo ingali na thamani.

Tatu, si kila mtu afaaye kurudishwa nyumbani siku ya upasuaji. Anayeishi peke yake, anayetoka mbali na hospitali yoyote, mwenye kisukari kisichodhibitiwa au aliyetoka damu nyingi, anapaswa kulala wadini hata kama orodha inasema ni upasuaji wa siku moja. Uamuzi huo ni wa kitabibu, na haufai kufanywa na uhaba wa vitanda.

Aidha, matayarisho huanza kabla ya kisu. Daktari Henrik Kehlet wa Denmark alidhihirisha tangu miaka ya 1990 kwamba mgonjwa hupona haraka anapoelezwa mapema kitakachofanyika, anapotuliza maumivu kwa njia zaidi ya moja, na anapokula na kuinuka kitandani bila kucheleweshwa. Desturi ya kumnyima mgonjwa hata maji tangu usiku wa manane nayo imelegezwa na wataalamu: wengi wasio na matatizo ya tumbo huruhusiwa maji matupu hadi saa 2 kabla ya dawa ya usingizi, kwa idhini ya daktari. Mgonjwa aliyeonyeshwa mazoezi ya mkono na jinsi ya kuumwaga mrija siku moja kabla ya upasuaji hukumbuka zaidi kuliko yule anayefundishwa akiwa bado ana kizunguzungu cha dawa.

Kauli ya mwisho

Hatua zinazohitajika si za mabilioni. Kila hospitali inayopasua wagonjwa wa saratani na kuwaruhusu siku iyo hiyo inaweza kumteua muuguzi mmoja mwenye simu moja ambayo kazi yake ni hiyo tu. Inaweza kuchapisha karatasi moja kwa Kiswahili, na kwa lugha za mama panapohitajika, inayotaja dalili za hatari na nambari ya kupiga. Inaweza kumjulisha mhudumu wa kijiji kabla mgonjwa hajapanda gari. SHA nayo inaweza kuiweka huduma ya siku kumi za kwanza katika orodha ya malipo, ili hospitali isione kuwa inamfuatilia mgonjwa kwa hisani.

Muhimu zaidi ni kuhesabu. Hospitali zinajua vyema ni wangapi waliopasuliwa mwaka uliopita. Nyingi haziwezi kusema ni wangapi waliopata usaha, waliorudi kwa ajili ya majibu ya maabara, au walioanza dawa za kemikali kwa wakati. Kisichohesabiwa hakirekebishwi, na kaunti itakayoanza kuhesabu ndiyo itakayojua iwapo arafa, mhudumu wa kijiji au muuguzi wa simu amesaidia kitu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mgonjwa wa saratani, ufa huanza kama wekundu mdogo kando ya mshono, jioni moja, nyumbani, wakati daktari yuko mbali. Wa kuuziba yupo kijijini na kwenye zahanati iliyo karibu. Lililobaki ni kumwambia kwamba hiyo ni kazi yake, kumpa vifaa, na kumlipa kwa kuifanya.